Mvua ichezwe, radi ikimbiwe

MASIKA yakianza, viwanja vya mchangani hubadilika sura. Goli moja linageuka bwawa, lingine linageuka tope, na pasi ya mita kumi inakwama katikati ya njia. Mashabiki nao hawaondoki ng'o. Wanajibana chini ya mwembe, wengine chini ya bati la kibanda cha chipsi, na kelele ndiyo kwanza zinapanda. Soka la mvua lina raha yake, na hakuna mpenzi wa mpira anayetaka lifutwe.

Kwa hiyo tatizo siyo mvua. Tatizo ni radi inayokuja nayo, na ukweli kwamba kwenye mechi nyingi za mtaani hakuna anayejua nani mwenye kauli ya kusema "basi, tokeni uwanjani". Refa anamwangalia mwandaaji, mwandaaji anamwangalia mgeni rasmi, mgeni rasmi anaangalia saa. Huku nyuma mbingu inanguruma na mpira unaendelea.

Jambo hili lina jibu la bei rahisi, na linapatikana kwenye mchezo ambao mashabiki wengi wa soka hapa nchini hawajawahi kuuona: gofu ya visahani.

Mchezo huo ulipata sura yake Marekani miaka ya 1970. Edward Headrick alitengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 kwenye bustani ya Oak Grove, California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha mchezo huo, PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachoandika kanuni zake. Hakuna fimbo wala kijipira. Mchezaji anarusha kisahani cha plastiki kwa mkono, anakifuata kilipotua, anarusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Anayetumia marusho machache kuliko wenzake ndiye mshindi. Leo unachezwa sana Marekani na nchi za kaskazini mwa Ulaya kama Finland na Estonia, na Kristin Tattar wa Estonia alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake mwaka 2022 na 2023.

Huko kwao, mvua haisimamishi mchezo. Uwanja wenyewe mara nyingi ni bustani au msitu, hauna paa wala jukwaa, na raundi moja ya vikapu 18 inachukua saa kadhaa. Mtu akisubiri jua atasubiri sana. Wachezaji wamejifunza kuishi na maji. Begi la mchezaji siku ya mvua lina mataulo kuliko visahani, na yote yanafichwa chini ya mwavuli, maana kisahani chenye unyevu kinaponyoka mkononi kama sabuni. Sekunde moja ya kuchelewa kukiachia inakipeleka kwenye miti badala ya kikapuni. Na hata huko kupangusa kuna mipaka, kwa sababu kanuni inampa mchezaji sekunde 30 tu za kurusha zamu yake ikifika.

Miguu nayo ina somo lake. Siku ya jua mchezaji anakuja na hatua za kasi, anakita mguu wa mbele, kiuno kinazunguka na mkono unafyatuka. Siku ya tope, mguu ule wa mbele ukiteleza ni goti au kifundo kinachoumia. Wenye busara wanapunguza mwendo, wengine wanarusha wakiwa wamesimama kabisa. Wanakubali kupoteza mita kadhaa ili wabaki na miguu yao. Straika yeyote aliyewahi kwenda kupiga penalti kwenye dimbwi anaelewa hesabu hiyo.

Lakini watu haohao wasioogopa mvua wanakimbia radi bila aibu. Kanuni za mashindano za PDGA zinasema hali ikiwa ya hatari, mkurugenzi wa mashindano anapiga honi fupi mfululizo, ikiwezekana tatu au zaidi. Honi ikilia, kila mtu anaacha hapohapo. Anaweka alama mahali kisahani chake kilipotua, anakwenda kujihifadhi, na mchezo ukirudi anaendelea kutoka kwenye alama ileile. Hapotezi kitu.

Kisha kuna kipengele ambacho soka la hapa linapaswa kukisoma mara mbili. Mchezaji wa gofu ya visahani anaruhusiwa kuacha kucheza hata kabla ya honi, endapo radi inaonekana kuwa hatari iliyo karibu. Hahitaji kumsubiri bosi wa mashindano amwone. Kanuni imekubali kwamba aliye kwenye kona ya mbali ya msitu ndiye anayeiona mbingu iliyo juu ya kichwa chake.

Sasa rudi kwenye soka. Kanuni ya 5 ya mchezo inampa refa mamlaka ya kusimamisha, kuahirisha au kuvunja mechi. Inakwenda mbali zaidi na kumlinda: refa hawajibiki kwa uamuzi wake kwamba hali ya hewa inaruhusu au hairuhusu mechi kuchezwa. Ulinzi huo ni wa haki, maana bila huo nani angeshika filimbi? Ila mchezaji hana ulinzi wa namna hiyo. Timu ikitoka uwanjani bila ruhusa ya refa, jina lake ni kugomea mchezo, na kugomea mchezo kunagharimu pointi na faini. Nahodha wa miaka 19 anayeona mwanga umepasua wingu nyuma ya goli ana machaguo mawili: abaki, au aipotezee timu yake mechi.

Ngazi za juu zimeanza kulifanyia kazi. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2025 kule Marekani, mashabiki wa Afrika walikaa macho wakisubiri Mamelodi Sundowns na Ulsan waanze mchezo wao Orlando, kwa sababu radi ilikuwa karibu na uwanja. Chelsea na Benfica walisimamishwa Charlotte dakika ya 86, Chelsea wakiongoza 1-0, na wakakaa vyumbani karibu saa mbili. Waliporudi, Benfica wakasawazisha kwa penalti, kisha Chelsea wakamaliza kazi 4-1 kwenye muda wa nyongeza. Kocha Enzo Maresca alikasirika na kusema wazi kwamba huo siyo mpira.

Maresca ana hoja. Kusimama saa mbili kunaua kasi ya mchezo, kunapoza misuli, kunabadilisha matokeo. Shabiki aliyelipa nauli na kiingilio anaumia. Lakini usiku ule wachezaji wote wa Chelsea na Benfica walikwenda kulala wakiwa hai, na bingwa alipatikana mwezi uliofuata bila shida yoyote. Mechi iliyochelewa inachezwa tena. Mchezaji aliyepigwa na radi harudiwi.

Na hizi siyo hadithi za mbali. Agosti 2020, jirani tu hapo Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, watoto walikuwa wakicheza mpira. Mvua ikaja, wakaacha, wakakimbilia kibanda cha nyasi. Radi ikawafuata mle ndani na watoto 10 walipoteza maisha. Walifanya jambo sahihi kwa kuacha kucheza. Kilichowaponza ni kwamba hawakuwa na mahali salama pa kukimbilia.

Mwaka 1998 ziliripotiwa taarifa kutoka Kasai, Congo, kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja wakati mechi ikiendelea, na wa timu pinzani wakasalimika. Watu wakaanza kunyoosheana vidole vya uchawi. Hapa napo maneno hayo hayako mbali. Radi ikipiga karibu na uwanja wa ndondo, kabla wingu halijaondoka tayari inatajwa "kamati ya ufundi" ya wapinzani. Maneno hayo yanachekesha kijiweni, ila yana madhara: jambo likishaitwa la kishirikina, hakuna anayejisumbua kuandika kanuni ya kulizuia.

Ukweli wa radi hauhitaji mganga. Uwanja wa mpira ni eneo la wazi ambako vitu virefu ni milingoti ya goli, mwembe na watu waliosimama. Radi ikigonga mti au ardhi, umeme unasambaa chini na kuwafikia waliosimama karibu, hata kama hakuna aliyeguswa moja kwa moja. Ndiyo maana kundi la mashabiki 40 chini ya mwembe mmoja ni picha ya kutisha kuliko wachezaji 22 waliotawanyika uwanjani. Turubai la meza kuu halikingi. Benchi la akiba lililoezekwa bati halikingi. Bajaji haikingi. Kinachokinga ni jengo imara lililofungwa, kama darasa au ofisi, au gari la bodi ya chuma lenye vioo vilivyopandishwa. Coaster iliyoleta timu, ambayo dereva wake kajilalia pembeni, ni kinga bora kuliko mwembe wowote.

Kipimo cha umbali nacho ni cha bure. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ngurumo ikifika ndani ya sekunde 30, radi iko kama kilomita 10, na hiyo ni hatari tayari, hata kama juu ya uwanja hakuna tone la mvua. Baada ya kutoka, subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikilia nyingine, saa inaanza upya.

Hakuna hapo kinachohitaji mdhamini. TFF, vyama vya mikoa na wilaya, na waandaaji wa ndondo wanaweza kuandika mambo matatu kwenye kanuni za mashindano kabla ya mvua zijazo.

Kwanza, kila mechi iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia mbingu na kumpa refa ishara, awe kamishna au mwalimu wa shule yenye uwanja. Asubuhi ya mechi asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Pili, mahali pa kukimbilia patajwe kabla ya mpira kuanza, kwa wachezaji na kwa mashabiki. Kama ni uwanja wa shule, funguo za madarasa ziwepo, zisiwe kwa mlinzi aliyekwenda kunywa chai. Kama mahali hapo hapapo, siku ya ngurumo mechi isianze.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nahodha au kocha apewe haki ileile aliyonayo mrusha visahani. Radi ikionekana, aitoe timu yake, amweleze refa sababu, na asihesabiwe kuwa amegoma. Muda uliobaki uchezwe baadaye, matokeo yakiwa palepale yalipoishia.

Watasema timu inayoongoza kwa bao moja itaanza kuona radi kila dakika ya 80. Ujanja huo unazibika kirahisi: dakika zilizobaki zinachezwa lazima, kwa hiyo hakuna anayefaidika kwa kukimbia. Na hata pakitokea mjanja mmoja akapata dakika 30 za kupumzika, hiyo ni bei ndogo mno ukiilinganisha na msiba wa kijana aliyeaga nyumbani na njumu begani.

Zawadi ya bingwa wa ndondo ni ng'ombe, pikipiki, wakati mwingine jezi na mpira. Vyote hivyo vitakuwepo Jumapili ijayo. Honi tatu za kuwatoa vijana uwanjani hazigharimu hata bei ya mbuzi wa mshindi wa tatu, na mwandaaji asiyeweza kuzipiga asiruhusiwe kuandaa mechi masika haya.