Kimbunga Kimoja, Vipimo Vingi

Mwezi wa Februari 2023 kimbunga kilichopewa jina la Freddy kilizaliwa upande wa Australia, kikaivuka Bahari ya Hindi yote hadi Msumbiji na Malawi. Kilipopita longitudo ya nyuzi 90 Mashariki, upepo wake haukujua kwamba umevuka mpaka. Waliobadilika ni wapimaji. Waaustralia walikuwa wamekitia katika daraja la nne. Ng'ambo ya pili, kituo cha Wafaransa kilichoko Réunion hakitoi daraja kwa namba. Hutumia maneno: tufani ya wastani, tufani kali, kimbunga, kimbunga kikali, kimbunga kikali mno.

Twayaeleza haya kwa kuwa wengi wetu hudhani namba hizo ni moja duniani kote. Sivyo. Marekani daraja la kwanza huanza upepo ufikapo kilomita 119 kwa saa. Australia huanza kwenye kilomita 63, na ukifika 118 ni daraja la tatu tayari! Tena Mmarekani hupima wastani wa dakika moja, Mhindi wa dakika tatu, na wale wa Réunion na Australia wa dakika kumi. Muda ukiwa mfupi, tarakimu hupanda. Basi mfanyakazi wa bandarini asikiapo daraja likitajwa redioni, yampasa kuuliza: daraja la nani?

Lakini kuna kasoro iliyo kubwa zaidi. Mizani zote hizi hupima upepo peke yake. Freddy kilipoifikia Malawi Machi 2023 kilikuwa kimekwisha kushuka cheo, wala hakikustahili tena kuitwa kimbunga. Hata hivyo mvua yake ya siku kadhaa iliporomosha miteremko ya Blantyre. Watu zaidi ya 600 walihesabiwa kuwa wamekufa, na mamia wengine hawakuonekana tena. Nyumbani nako, Hidaya kilipofifia karibu na Mafia Mei 2024, mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga.

Hatuwalaumu wataalamu. Kipimo cha upepo chamfaa nahodha, na bila shaka kitabaki. Ila mkazi wa mteremkoni akiambiwa kimbunga kimepungua nguvu, hurudi kulala. Twataka tangazo limwambie pia ni mto gani utakaofurika, ni mtaa gani uhame, na kabla ya saa ngapi.