Sadaka ya Maji Haiishii Siku ya Kukata Utepe



Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani ikikaribia masheikh huulizwa swali lile lile: "Sheikh, kisima ni shilingi ngapi? Nataka kumchimbia marehemu mama yangu." Swali jema, na nia njema. Allah awalipe wote wanaouliza. Lakini leo nataka tuulizane swali la pili, ambalo watu wachache hulileta: kisima kikishachimbwa na picha zikishapigwa, nani atakuwepo siku pampu itakapokatika? Na nani atamfundisha mtoto wa pale kunawa mikono kabla hajachota maji kwa kikombe?

Tunapenda kusema "swadaqatul jaariya". Tulitazame neno lenyewe. Jaariya ni yenye kutiririka. Malipo ya nia yako yako kwa Allah, na Yeye hadhulumu mtu. Lakini kisima kilichokufa, chenye bango la jina la marehemu na mpini uliooza kwa kutu, kinatiririsha nini? Anayetaka sadaka yake itiririke, basi aangalie kama maji nayo yanatiririka.

Nachukua mfano wa Njombe na Makambako, na nina sababu.

Ukisikia shida ya maji, mawazo yako yanakwenda kwenye nchi kavu yenye vumbi. Njombe siyo hivyo. Ni nyanda za juu, mvua zipo, mito ipo, na maporomoko ya Luhuji yako karibu na mji, msafiri wa Songea anayaona. Na chakula kipo: mahindi, viazi, maharage, parachichi, maziwa. Mikoa mingine inakula kutoka huko. Sasa sikiliza. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa katika mkoa wa Njombe ni asilimia 50.4. Nusu ya watoto! Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mkoa wa maji na chakula, lakini kati ya watoto wawili, mmoja hakui anavyotakiwa kukua.

Sababu ni nyingi, tuwe wakweli. Kuna ulishaji wa aina moja ya chakula, kuna mama anayeshinda shambani na mtoto akaachwa na uji mwepesi. Lakini sababu moja wataalamu wa afya hawaachi kuitaja: uchafu. Mtoto akiharisha mara kwa mara, utumbo unachoka, chakula kinapita bila mwili kukichukua. Unamlisha, lakini humjengi. Na maji mengi siyo lazima yawe maji safi. Chemchemi iko bondeni, juu yake kuna vyoo na malisho, pembeni kuna vinyungu vilivyopuliziwa dawa, na ng'ombe wanaingia pale pale wanapochota watu. Yanang'aa machoni, na ugonjwa umo ndani.

Makambako nayo ina shida yake. Ni mji wa njia panda, wa barabara kuu ya Zambia na barabara ya Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA. Mji umekua kwa haraka kuliko mabomba yake. Huko tatizo ni foleni ya madumu, na mwenye dumu moja la siku nzima hawezi kulitumia kunawa mikono mara tano. Kwa hiyo ndani ya mkoa mmoja, huyu anayo maji yasiyo salama, na yule hana maji ya kutosha. Wote wawili watoto wao wanaharisha.

Sasa tumrudie Nabii Musa (a.s.).

Katika Suratul Qasas Allah anatusimulia habari zake alipofika kwenye maji ya Madyan. Musa wakati ule alikuwa mkimbizi. Hana mali, hana ndugu, hana mwenyeji. Akakuta wachungaji wamejaa kisimani, na pembeni mabinti wawili wanazuia wanyama wao, wanangoja wanaume waondoke. Tuangalie alivyofanya.

Kwanza, aliuliza. Hakuvamia. Aliwauliza wana nini, wakamweleza, wakamwambia na habari ya baba yao mzee.

Pili, alitoa alichokuwa nacho, nacho kilikuwa ni mikono yake. Hakusema "ngoja nitajirike kwanza."

Tatu, alipomaliza akaenda kivulini akamuomba Mola wake. Hakusimama pale kungoja shukrani, wala hakuwauliza kwanza wao ni watu wa dini gani.

Ndugu yangu, kujitolea kote kumo katika kisa hicho. Tutazame hatua moja moja.

KUULIZA. Watu wanatoka mjini na gari lenye maspika, wanafika kijijini, wanachimba mahali wanapopataka wao, wanaondoka. Mwenyekiti wa kijiji hajui, ofisi ya RUWASA haijui, akina mama wanaochota hawakuulizwa. Nchi yetu imeshalipia somo hili. Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji bure ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nia ilikuwa nzuri mno. Lakini mitambo mingi ilisimama, kwa sababu kijiji hakikuwa na fundi, hakikuwa na mfuko wa vipuri, na kilihesabu mradi kuwa ni mali ya Serikali. Ndiyo maana sera za 1991 na 2002 zikamrudishia mwanakijiji umiliki na uchangiaji, na sheria ya 2019 ikaunda RUWASA na kuvipa nafasi vyombo vya jamii vya kusimamia maji, vile vinavyoitwa CBWSO. Anayetaka kujitolea, mlango ni huo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, nenda kwa chombo cha maji, uliza: mmekwama wapi? Huenda hawahitaji kisima kipya. Huenda wanahitaji koki tatu na mtu wa kuwatunzia daftari la hesabu.

MIKONO. Kuna kijana atasema, "Sheikh, hayo ni ya wenye pesa." Hapana, kijana wangu. Kuna kitu kinaitwa kibuyu chirizi. Unachukua dumu dogo, unalitoboa tundu karibu na juu, unalining'iniza kwenye mti kwa kamba, unafunga kamba ya pili mpaka kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kugusa chochote. Pembeni unaning'iniza sabuni. Maji kidogo sana yanatosha. Gharama yake ni dumu lililotupwa na nusu saa. Na wataalamu wanasema kunawa mikono kwa sabuni kunapunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja. Vijana kumi wa msikiti mmoja wa Makambako, Jumamosi moja kwa mwezi, wanaweza kuzunguka kitongoji kizima wakaacha kibuyu chirizi kwenye kila choo.

Na Muislamu hana sababu ya kuona haya kufundisha usafi, kwa kuwa ameusomea tangu chuoni. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeamka usingizini asiingize mkono chomboni kabla hajauosha. Ametukataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Ametuonya tusijisaidie kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Ametuamrisha kufunika vyombo usiku. Afisa afya akija na somo lake, utakuta mengi ya hayo wewe ulishayasikia kwa ustadhi wako. Tatizo ni kwamba tumeyaweka kwenye kitabu cha twahara, tumeyafunga, yakawa ya kujibia mtihani wa madrasa.

Hata baridi ya Njombe ina somo lake. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi sakitu inalala juu ya majani, maji yanakata vidole. Mwambie mtoto anawe wakati huo, atakukimbia. Lakini wewe unaeamka alfajiri ukatia udhu kwa maji yale unajua mambo mawili: kwamba kukamilisha udhu wakati wa tabu kuna daraja kubwa mbele ya Allah, na kwamba maji ya moto kidogo kutoka jikoni ni rehema. Mfundishe mama abakishe sufuria ndogo ya maji ya vuguvugu karibu na meko kwa ajili ya mikono ya watoto. Jambo dogo, lakini mtu wa Dar es Salaam hawezi kulijua. Wewe wa pale unalijua. Kwa hiyo kazi hii ni yenu watu wa Njombe na Makambako kabla haijawa ya mgeni.

Vivyo hivyo kwenye ufundi. Njombe kuna shirika la SHIPO, ambalo limefundisha mafundi wa huko huko kuchimba visima kwa mikono na kutengeneza pampu za kamba. Pampu ya kamba ni gurudumu, kamba, bomba la plastiki, na vizibo vidogo vinavyopandisha maji. Ikikatika, fundi wa kijiji anaifunga siku hiyo hiyo. Wewe mwenye pesa, kabla ya kununua pampu ya kifahari ambayo kipuri chake kinatoka mbali, fikiria kumsomesha kijana mmoja ufundi huu. Fundi mmoja ni visima vingi vilivyo hai.

KIVULI. Hapa ndipo penye mtihani. Njombe Waislamu ni wachache, majirani wengi ni Wakristo, Walutheri na Wakatoliki. Nasikia watu wanasema, "Kwa nini tuwapelekee wao?" Subhanallah! Mtume (s.a.w.) alitusimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Allah akamsamehe. Kwa ajili ya mbwa! Leo tunauliza dini ya mtoto mwenye kiu?

Na jambo jingine linalonikera. Kisima kinachimbwa ndani ya uzio wa msikiti, geti linafungwa baada ya Isha, jirani anapita na ndoo tupu. Ndugu zangu viongozi wa misikiti, tobo moja kwenye ukuta linatosha. Toeni bomba moja nje, lielekee barabarani, mama yeyote achote. Na mkumbuke, Mtume (s.a.w.) alikuwa anatia udhu kwa maji ya kiasi cha viganja viwili hivi, nasi tunaacha koki inamwaga huku tunaongea habari za mpira. Katika mji wa foleni za madumu!

Lakini pia usiligeuze bomba kuwa mtego. Usiseme "sikiliza mawaidha kwanza ndipo uchote." Usimpige picha mtoto wa mtu akiwa na kamasi na kikombe ili upate watazamaji. Musa alikwenda kivulini. Mabinti wale ndio waliorudi nyumbani wakamsimulia baba yao. Tenda wema, acha wema wenyewe uzungumze.

Kuna atakayesema, "Hii ni kazi ya Serikali." Kweli, na Serikali ina wajibu wake, nasi tuudai kwa adabu. Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo katika mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India. Lakini bomba likifika mlangoni, nani atamshika mkono mtoto anawe? Hilo halimo katika mkataba wa mkandarasi yeyote. Na nani atalinda chemchemi? Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, na mafakihi wetu walizungumzia hariimu ya kisima karne nyingi kabla yake. Sheria ipo, fiqhi ipo. Kinachokosekana ni watu wa kwenda kukaa na mwenye shamba kwa upole, wamweleze, wamsaidie kuhamisha zizi.

Basi nakuachia kazi, usiipite tu post hii kwa "maa shaa Allah" ukaendelea.

Kama uko Njombe au Makambako, Ijumaa hii baada ya swala kaeni vijana watano. Chagueni kitongoji kimoja. Nendeni mkaulize kabla ya kupeleka chochote. Na mwezi ujao mrudi pale pale, maana kurudi ndiko kunakozishinda nafsi nyingi.

Kama uko mbali na una uwezo, unapochangia kisima uliza: nani atakitunza? Fundi ni nani? Mfuko wa vipuri uko wapi? Weka fungu la matengenezo ndani ya sadaka yako tangu siku ya kwanza.

Kama huna pesa wala hauko huko, anza na msikiti wako na choo chako.

Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake, aliuliza sadaka gani ni bora, akaelekezwa kwenye maji, akachimba kisima. Wengi wetu tunataka kuwa kama Saad. Basi tuwe pia kama Musa, ambaye hakuwa na cha kuchangia ila mikono miwili, na Allah akaitaja mikono hiyo katika Qur'ani.

Ee Allah, ziponye tumbo za watoto wa vijiji vyetu, zitakase nia zetu, na usizijaalie sadaka zetu kuwa mabango yasiyo na maji. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Mfikishie na mwenzako.