Matembezi Yangoje, Ugonjwa Upite



Kila mara masharti ya kujikinga na ugonjwa yanapotangazwa, swali moja huzunguka hapa Kalemie, bandarini, sokoni na hata mlangoni mwa kanisa: niende au nisiende? Swali hilo si la mama anayepeleka magunia ya ndagala ili watoto wake wale, wala si la mgonjwa anayemfuata daktari. Nasema juu ya mtu aliyejiwekea akiba, aliyechoka na kazi, anayetamani siku tatu nne za kupumzika Bujumbura, Kigoma au Lubumbashi, atembee, anunue nguo, aonane na marafiki, kisha arudi. Tuliulizana hivyo mwaka 2020 na 2021 wakati wa korona. Tukaulizana tena mwaka 2024 mpox ilipoenea katika nchi yetu. Na tutaulizana tena, kwa kuwa maradhi hayajatuaga. Heri jibu tulitafute sasa, akili zimetulia, kuliko kulitafuta siku boti imekwisha kuwasha injini.

Jibu langu ni hili: safari ya haja na iende kwa tahadhari, safari ya starehe na ingoje.

Sisemi kwamba matembezi ni dhambi. Mwili una haki ya kupumzika, na jicho lina haki ya kuona pengine. Tena mji wetu wenyewe ni mtoto wa safari. Umekaa pale mto Lukuga unapoliacha ziwa kwenda kuufuata Lualaba. Reli ya kutoka Kabalo ilitufikia mwaka 1915. Na ziwa hili linagusa nchi nne, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Jamaa wengi hapa wana shangazi ng'ambo na wajukuu Uvira. Kumwambia mtu wa Kalemie asisafiri ni kama kumwambia mvuvi asilitazame ziwa.

Lakini njia iletayo chumvi na vitenge ndiyo iletayo maradhi. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo na wageni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kimekuwa kikienda na kurudi kando ya ziwa hili, kutoka bandari hadi bandari, pamoja na watu na vyombo vyao. Wazee wetu wamezika watoto kwa sababu hiyo. Basi korona ilipokuja, jambo lilikuwa jipya kwa jina tu.

Tukumbuke yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 mwezi huo Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura. Mipaka ikafungwa, na safari za abiria kati ya Kinshasa na majimbo zikasimamishwa. Mizigo haikukatazwa. Hapo serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kutenganisha haja na hamu: gunia la unga lipite, mtembezi abaki. Mipaka na viwanja vya ndege havikufunguliwa hadi tarehe 15 Agosti. Desemba yakaja masharti mengine, marufuku ya kutembea tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.

Katika miezi ile kijana aliyetaka kutembea alikuwa na maneno yake. Niyajibu moja moja, maana hayo hayo yatarudi.

La kwanza ni hili: "Baba, ni siku tatu tu." Mwanangu, siku tatu hizo ndizo zenye hatari. Mtu aliyeambukizwa korona kwa kawaida huanza kuumwa baada ya siku tano hivi, na pengine hufika siku kumi na nne. Tena anaweza kuambukiza wengine siku mbili kabla hajajisikia vibaya. Mpox huweza kujificha siku ishirini na moja. Kwa hiyo mtembezi wa siku tatu hurudi nyumbani akionekana mzima, anacheka, anagawa zawadi, anambeba mtoto wa dada yake, anakula sahani moja na bibi. Ufupi wa safari haumkingi mtu. Unamrudisha tu nyumbani kabla ugonjwa haujajionyesha.

La pili: "Mimi ni kijana, nina nguvu." Ni kweli, huenda usiugue sana. Lakini hukai peke yako. Nyumbani kuna mzee mwenye kifua na mama mwenye sukari. Na mji wetu umezungukwa na kambi za watu waliokimbia vijiji vyao, wengi wao tangu mapigano ya mwaka 2016 na 2017 kati ya Watwa na Waluba. Humo kibanda kimegusana na kibanda, na bomba moja la maji linangojewa na mstari mrefu wa madumu. Ugonjwa ukifika huko, hakuna chumba cha kumtenga mtu. Waliopoteza mashamba na nyumba wasilipe tena gharama ya matembezi yetu.

La tatu: "Huo ni ugonjwa wa watu wa mbali, na wakubwa wenyewe wanapita." Wakubwa walipita, na wengine hawakurudi. Mwezi Mei 2021 uongozi wa Bunge kule Kinshasa ulitangaza kwamba wabunge 32 walikwisha kufa kwa korona. Mtu mwenye gari, fedha na daktari wake akishindwa, sisi tusijidanganye. Mwanzoni hata vipimo vya nchi nzima vilikuwa vikifanyiwa Kinshasa, katika INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iliyoongozwa wakati huo na Profesa Muyembe. Kutoka Kalemie hadi kule, jibu lingekukuta umekwisha kuambukiza mtaa mzima.

La nne ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo zito: "Siku ikifika imefika, ajali haina kinga." Waislamu na Wakristo wote wanalisema. Basi waisikilize historia. Karibu mwaka 639, Khalifa Umar alikuwa safarini kwenda Sham, yaani Syria. Alipofika mahali paitwapo Sargh akaambiwa na majemadari wake kwamba tauni imeingia nchi ile. Akawaita wazee wa watu, akashauriana nao kundi kwa kundi, kisha akaamua kurudi Madina. Jemadari mmoja wao, Abu Ubayda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamweleza kwamba kurudi nako kumo katika kadari hiyo hiyo. Na Mtume alikuwa amekwisha kufundisha kwamba penye tauni usiingie, na ukiwa ndani usitoke kwa kuikimbia. Wakristo nao wanajua kwamba torati ya Musa iliamuru mwenye dalili za ugonjwa wa ngozi atengwe siku saba, atazamwe tena. Imani haikupingana na subira. Anayelitaja jina la Mungu ili apate kupanda boti, amelitaja kwa haja yake.

Tena tuitazame hiyo boti yenyewe. Ni ya mbao, imejaa magunia hadi ukingoni, na abiria wamekaa juu ya magunia chini ya turubai moja. Usiku upepo ukizidi turubai linashushwa pande zote, na pumzi za watu wote zinakuwa moja. Dumu la maji lina kikombe kimoja kilichofungwa kamba, nacho kinapita mkono kwa mkono. Mtoto wa jirani amelala begani mwako. Hapo mita moja ya kutengana utaitoa wapi? Barakoa iliyoko mfukoni haikingi mtu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati wa ugonjwa methali hiyo inatuhukumu, maana mgeni anaweza kumletea mwenyeji maradhi badala ya kupona. Mwezi Julai 2019, Ebola ikiwa imeshika Kivu ya Kaskazini, mchungaji mmoja aliyekuwa ameanza kuumwa Butembo alipanda basi kwenda Goma pamoja na abiria kumi na wanane. Njiani palikuwa na vizuizi vitatu vya kupima joto na kuandika majina. Wizara ya Afya ilieleza kwamba alipita vyote vitatu, na kila mahali jina lililoandikwa lilikuwa tofauti. Alifika Goma Jumapili tarehe 14, akapimwa, akakutwa na Ebola, na muda mfupi baadaye alikuwa amekufa. Dereva na abiria wake wakatafutwa ili wachanjwe. Tarehe 17 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya kimataifa. Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 2,200 kabla haujatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Simhukumu marehemu, labda aliwatamani jamaa zake, labda aliogopa. Lakini safari ile inatufunza kwamba kizuizi kina nguvu pale tu msafiri anaposema kweli.

Iko pia hasara ya mfuko. Mwezi Januari 2021 Burundi ilifunga tena mipaka yake ya nchi kavu na ya ziwa. Aliyekuwa ameenda Bujumbura na fedha za siku tatu, baada ya wiki mbili alikula nini, na alilala kwa nani? Na ng'ambo ya pili, Tanzania, hesabu za wagonjwa hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja tangu Mei 2020. Mtu wa starehe alikwenda mahali asipojua hali ya ugonjwa, akarudi akisema hakuna kitu huko.

Basi, kabla hujalipa nauli, jiulize mambo manne. Safari hii ikiahirishwa miezi mitatu, nani ataumia? Nikirudi, nani nyumbani atakuwa wa kwanza kunipokea, na afya yake ikoje? Njia ikifungwa nikiwa huko, nina akiba ya kukaa? Na nikifika kizuizini, niko tayari kusema jina langu na hali yangu bila kuficha? Ukikuta kwamba hakuna atakayeumia isipokuwa hamu yako, basi umekwisha kupata jibu. Pumziko lipo hapa hapa: ufuko tunao, upepo wa jioni tunao, na fedha zako zitakuwapo siku njia itakapofunguka.

Nawageukia na wenye mamlaka, maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Masharti yatangazwe kwa Kiswahili, redioni na sokoni, si kwa Kifaransa cha makaratasi peke yake. Mama wa ndagala asizuiliwe siku nzima jua kali wakati mkubwa anapita na gari lake bila kusimama. Na kizuizi cha afya kisigeuzwe mahali pa kukusanya franka. Raia akishaona kwamba ugonjwa unaondolewa kwa noti, hatausadiki tena. Mkitaka tutii, tiini kwanza ninyi.

Mwisho, ndugu zangu, tukumbuke jambo moja la Machi 2020. Matanga yalikatazwa. Maiti zilitoka chumba cha wafu moja kwa moja hadi kaburini, na watu wachache tu. Katika nchi hii, ambapo kumlilia mtu ni deni la ukoo mzima, wako wajane waliowazika waume zao bila mkesha na bila wifi wa kuwashika mkono. Walitii ili ugonjwa usienee. Mtu aliyenyimwa kumlilia maiti wake akavumilia, amekwisha kutufundisha sote. Kwa hiyo masharti yakitangazwa tena, mwenye haja na apite kwa ukweli na tahadhari, na mwenye hamu tu abaki. Keti kwanza na watu wa nyumbani mwako, waulize wakubwa na wadogo. Wakikuambia ngoja, ngoja.