Mwalimu wa lugha aliyekwamishwa na makaratasi

Miaka ya karibuni tumekisherehekea Kiswahili kwa kishindo. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikaja na mamilioni ya watu wanaoizungumza lugha hii. Hotuba zilitolewa na ngoma zikapigwa. Lakini Mkongo huyo huyo ajapo kwetu akiwa mkimbizi, akataka kuzisomea lugha na kuzifundisha, bashasha yetu hufifia.

Mimi ni mhadhiri wa isimu, na wanafunzi wa aina hiyo nimewapokea darasani kwa miaka kadhaa. Nitamzungumzia mmoja, bila kumtaja jina. Alitoka Kivu Kusini akiwa kijana, na alipofika Nairobi alikuwa na lugha nne: Kishi cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na kanisani, Kifaransa cha shuleni, na Kiingereza cha kubahatisha. Alichokosa ni cheti. Shahada ya serikali ambayo Wakongo huipata wamalizapo sekondari huweza kutafsiriwa na kulinganishwa na mtihani wetu, ila yake ilibaki katika nyumba aliyoitoroka usiku. Basi, mtu mzima wa miaka 22 alivaa sare, akaketi kidato cha pili pamoja na watoto, akaanza upya. Miaka mitatu baadaye alifanya mtihani wa KCSE na kupata alama za kumwingiza chuoni. Karo ililipwa na wafadhili. Ufadhili ujulikanao zaidi kwa wanafunzi kama yeye ni ule wa DAFI, ambao serikali ya Ujerumani ilianza kuugharimia mwaka 1992, lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Katika muhula wake wa kwanza aliniletea insha iliyorudishwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika "batu" mahali pa watu, na "katoto" ambayo wingi wake ni "tutoto". Pembeni aliandikiwa kwamba Kiswahili chake kimeharibika. Nilimweleza kuwa katika insha ya Kiswahili sanifu hayo ni makosa, na mwalimu hana budi kuyasahihisha. Lakini kuharibika si istilahi ya isimu. Kiambishi ka- cha udogo, pamoja na tu- cha wingi wake, ni vya kale sana katika lugha za Kibantu. Wakikuyu na Wakamba wangali wanavitumia. Kiswahili sanifu ndicho kilichoviacha, kikashika ki- na vi-. Kwa hiyo mtoto wa Nyeri asemaye "kagari" na kijana wa Bukavu asemaye "katoto" wana sarufi moja vichwani mwao, ijapokuwa mmoja tunamcheka kidogo na mwingine tunamwita mgeni. Hata usanifu wenyewe una historia yake. Mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja ulifanyika Mombasa, na tangu hapo watoto wa Kimvita, wenyeji wa mji huo, wamekuwa wakikosolewa shuleni kwa kusema "mato" badala ya macho.

Chuo kinachomsikiliza mgeni hufaidika. Mohammad Imam Abasheikh, mzungumzaji wa Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa nchini Somalia, alisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, akapata udaktari mwaka 1978. Hakuambiwa aiache lahaja yake mlangoni. Makala aliyoiandika pamoja na Charles Kisseberth mwaka 1974 kuhusu urefu wa irabu katika Chimwiini ingali ikisomwa na wanafonolojia, kwa sababu ilionyesha kwamba irabu ya neno huweza kurefuka au kufupika kutegemea mahali neno lilipo katika kirai kizima. Lahaja ambayo hapa tungeiita ya pembezoni iliwafunza maprofesa wa ng'ambo.

Mwanafunzi wangu alihitimu vizuri katika Kifaransa, Kiswahili na elimu. Hapo ndipo safari ilipokwama. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha kabla ya kusajiliwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, kwa upande wake, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake mradi vyeti vyake vinatambuliwa nchini, na vyeti vya huyu vimetolewa hapa hapa. Shule moja ya kibinafsi ilimhoji, ikamridhia, ikamtaka alete kibali. Alipokwenda kukiomba aliambiwa atangulize barua ya mwajiri. Mwajiri akasema hawezi kuandika barua kabla ya kukiona kibali. Muhula ukaanza, nafasi ikapewa mwingine.

Najua nitakavyojibiwa: Wakenya waliosomea ualimu wangali wakisubiri kazi kwa miaka. Ni kweli, wengine nimewafundisha mimi, na sidai mkimbizi apenyezwe mbele yao katika ajira ya serikali. Ninachodai ni usajili, ili shule ya kibinafsi inayotafuta mwalimu wa Kifaransa, somo ambalo shule zetu nyingi za sekondari hazilifundishi kabisa, imwajiri bila hofu. Ninadai pia kwamba mwenzake afundishaye Kakuma au Dadaab, aliye na shahada, asiendelee kulipwa posho ndogo isiyoitwa hata mshahara.

Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unanuia kuzigeuza kambi hizo kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Shule zake zitahitaji watu wanaoweza kumtoa mtoto katika Kifaransa au Kisomali na kumwingiza katika Kiswahili na Kiingereza, kazi isiyofanywa na mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka huo mwenyewe. Wenye mamlaka hawahitaji kutunga sheria nyingine. Inatosha kukubali cheti cha chuo kikuu cha Kenya kiwe msingi wa kibali na wa usajili, barua ya mwajiri ije baadaye. Mwanafunzi wangu angali anasubiri. Jioni huwafundisha watu wazima Kifaransa katika chumba cha kukodi mtaani Kayole, nao humlipa wanapopata.