Siyo jini, ni tajiri

Jamani, hivi tutadanganyana mpaka lini? Kijana anazamia majongoo bahari na mtungi mgongoni, anaibuka mzima, anavuta sigara yake kwenye boti. Nusu saa baadaye miguu haimtii na mkojo hautoki. Kijijini wanasema kapigwa na jini. Tajiri aliyemtuma analeta mchele kilo tano na maneno mawili: kudra ya Mungu.

Nakataa. Nimekaa na vijana wa namna hiyo nilipokwenda pwani kikazi. Hawakunisimulia jini hata mmoja. Walinisimulia mitungi: minne, mitano kwa siku.

Sayansi yake si ngumu. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 30, mara nne. Nitrojeni unayovuta inayeyuka kwenye damu na misuli. Ukipanda polepole inatoka taratibu kupitia mapafu. Ukipanda mbio inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla. Povu likikwama kwenye uti wa mgongo, miguu ndiyo basi tena.

Haya yanajulikana tangu 1908! Mwaka huo John Scott Haldane, baada ya majaribio kwa mbuzi (ndiyo, mbuzi), alichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo. Leo bado mtu anapewa mtungi bila kipima kina, bila saa, bila hata kuambiwa asimame mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kuibuka. Tena analipwa kwa anachoopoa. Majongoo ya karibu yakiisha, anafuata ya kina kirefu. Mtalii anayezamia bahari hiyo hiyo anavalishwa kompyuta mkononi na kukatazwa kupanda ndege mpaka zipite saa 18. Kwani damu yake ni tofauti?

Wamiskito wa Honduras, wazamiaji wa kambakoche, nao wana jini wao, nguva anayeitwa Liwa Mairin. Walipooza, wengine wakafa. Lakini mwaka 2021, katika kesi ya wazamiaji 42, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Bara la Amerika haikumtaja nguva kuwa mkosaji. Iliiwajibisha serikali kwa kutozisimamia kampuni.

Kwa hiyo tajiri, mchele wako weka kwanza. Tuonyeshe daftari: nani alizama, mita ngapi, dakika ngapi. Huna? Haya, na oksijeni ya huduma ya kwanza, kwenye boti yako ipo?