Wazee Wafuatwe Majumbani Mwao

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1990 iwe Siku ya Wazee Duniani, mikutano hufanyika Unguja na Pemba, viongozi huhutubia, na wazee hukabidhiwa mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Jambo hilo ni jema na hatulibezi. Lakini polo la mchele haliwezi kuitwa mpango, na hotuba haina miguu ya kumfikia mzee aliyelala kitandani siku ya pili yake. Leo tunapenda kuwakumbusha wananchi na watendaji wetu juu ya siku zile nyingine zote za mwaka ambazo hazina mkutano wala ngoma.

Tuanze kwa kutoa haki panapostahili. Tangu Mapinduzi ya 1964, Serikali imeshikilia kuwa mnyonge asifukuzwe katika mlango wa hospitali kwa sababu ya umaskini wake. Majina ya Sebleni, Welezo na Limbani yanajulikana na kila mwananchi kuwa ni majina ya makao ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya Sh. 20,000 kwa mwezi, bila ya kumwuliza kama alikuwa karani au mchukuzi, na fedha hizo zikatoka katika hazina yetu wenyewe. Wenzetu wa Kenya walipoanza kuwalipa wazee wao wote wa umri huo mwaka 2018, sisi tulikwisha kuanza. Kiwango hicho sasa kimepandishwa na kufikia Sh. 50,000. Tena, ipo sheria ya mambo ya wazee ya mwaka 2020. Haya ni mambo ya kujivunia, na anayeyakanusha hatendi haki.

Pamoja na hayo, hapana budi tuambizane ukweli. Sh. 50,000 kwa mwezi ni kama Sh. 1,700 kwa siku. Fedha hizo humnunulia mzee kitoweo, na humpa heshima ya kutonyoosha mkono kwa mjukuu kila asubuhi. Lakini noti haimgeuzi ubavu mtu aliyepooza ili asipate vidonda vya kulalia. Noti haimpimi shinikizo la damu, wala haimkumbushi aliyeanza kusahau kuwa dawa yake ya sukari amekwisha kuimeza. Kazi hizo zinataka mtu mwenye mikono, mwenye mafunzo, na anayejulikana atafika lini. Mtu huyo ndiye anayekosekana katika mipango yetu, na hapo ndipo tunapotaka macho ya wakuu wetu yaelekee.

Ni nani hasa wazee tunaowazungumzia? Wengi wao hawakupata kuajiriwa hata siku moja. Ni wakwezi na wachumaji wa karafuu wa Pemba, ambao migongo na magoti yao yamelipa fedha za kigeni zilizojenga skuli tulizosomea. Ni wavuvi ambao macho yao yameungua kwa jua la baharini. Ni kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja ambao mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara, waliingia majini wakiwa na nguvu zao. Aliyekuwa na miaka 35 mwaka ule, leo amekwisha kupita 70. Wahenga walisema ivushayo ni mbovu: chombo kikishatuvusha, ndipo tunapoanza kukiona kibovu. Tusiwafanyie wazee wetu hivyo.

Idadi nayo haitatungoja. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar; ile ya 2022 ilituhesabu 1,889,773. Ni kweli kuwa sisi ni taifa la vijana, na fungu la wazee bado ni dogo. Lakini watu wanaishi zaidi kuliko zamani, na maradhi ya uzeeni hayafanani na homa inayokuja na kuondoka. Shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, mtoto wa jicho na usahaulifu ni maradhi ya kuishi nayo miaka kumi au ishirini. Hospitali humpokea mgonjwa, ikamtibu na kumruhusu. Baada ya kuruhusiwa, maradhi yake yanarudi naye nyumbani, na huko nyumbani ndiko mpango wetu unakoishia.

Fikirini mzee wa Kojani au wa Tumbatu aliyepatwa na kiharusi. Ili aende kupimwa na kupewa dawa, lazima abebwe hadi ufukweni, apandishwe chomboni kwa kufuata maji, ateremshwe ng'ambo, kisha atafutiwe gari. Watu wanne watapoteza siku yao ya kazi, na yeye mwenyewe atarudi amechoka kuliko alivyoondoka. Mara ya kwanza watampeleka, na mara ya pili pia. Mara ya tatu mzee mwenyewe atasema amepata nafuu, ili asiwasumbue watoto. Dawa ikikatika, kiharusi cha pili huja. Kumwambia mzee huyo kwamba matibabu yapo hospitali ni kumwonyesha maji kisimani bila ya kumpa kata ya kutekea.

Wapo watakaosema kuwa kumtunza mzee ni kazi ya watoto wake, na Serikali ikiingia mila na maadili yatakufa. Hoja hii tunaiheshimu. Sote tulifundishwa chuoni, tungali wadogo, kuwa radhi za wazazi ndiyo akiba ya mtu duniani na akhera. Lakini tuulize: tunaposema "familia", tunamkusudia nani? Mara nyingi tunamkusudia mtu mmoja tu, naye ni binti au mkwe. Ndugu zake wa kiume wako Dar es Salaam, au Maskati, au wako hapa hapa mjini na huja Idi hadi Idi. Yeye ndiye anayeamka usiku, anayefua, anayelisha. Ameacha mwani wake na biashara yake ya maandazi, na mgongo wake mwenyewe umeanza kuuma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio mbali nao tunauona mwepesi. Muuguzi akimtembelea mzee mara moja kwa mwezi hamnyang'anyi binti huyo thawabu zake. Anamfundisha namna ya kumwinua mzee bila ya kujiumiza, na anamwondolea hofu ya kuwa peke yake. Mila huishi zaidi inaposaidiwa.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, daftari. Kwa kuwa kila mwenye miaka 70 anayelipwa pensheni ameandikwa jina lake na shehia yake, kazi kubwa ya kuhesabu imekwisha kufanyika. Daftari hilo liongezwe safu chache: nani anaishi peke yake, nani haoni, nani hatoki kitandani, nani anatumia dawa za kila siku. Masheha wanaweza kuikusanya habari hiyo, na Wizara ya Afya na ile inayoshughulikia wazee ziitumie kwa pamoja.

Pili, wa kubisha hodi. Mpango wa Jamii ni Afya umekwisha kutuonyesha kuwa wahudumu wa jamii wanaweza kufika nyumba kwa nyumba, katika shehia zote, wakiwafuata mama wajawazito na watoto wadogo. Njia ile ile inayompeleka mhudumu kwa mtoto inapita mlangoni mwa bibi yake. Wahudumu wafundishwe kupima shinikizo la damu, kutambua vidonda vya kulalia na dalili za kiharusi, na kumpa habari muuguzi wa kituo. Lakini tusiwaongezee kazi kwa jina la kujitolea. Anayetoka nyumbani kwake kwenda kumwosha mzee wa mwenziwe astahili posho inayofika kwa wakati.

Tatu, dawa. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi mitatu kwa pamoja, na kwa visiwa vidogo muuguzi ndiye apande chombo kuwafuata wazee, badala ya wazee kumfuata yeye. Mafuta ya mashine kwa safari moja ni rahisi kuliko kitanda cha hospitali kwa kiharusi kimoja.

Nne, na hili ndilo la msingi, fungu. Baraza la Wawakilishi linapopitisha makisio kila mwaka kabla ya Julai, matunzo ya wazee majumbani yaonekane kwa jina lake na kwa kiasi chake, wilaya kwa wilaya. Jambo lisilo na fungu halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe haliulizwi. Liwekewe fungu, ili mwakilishi wa jimbo aweze kusimama na kuuliza wazee wangapi wametembelewa na wangapi wamesahauliwa.

Tunajua kuwa hazina haijai. Ndiyo maana hatuombi jumba jipya kwa kila wilaya. Tunaomba kipimo cha shinikizo, mkongojo, posho ya mhudumu na nauli ya chombo. Tunawakumbusha pia wapangaji wetu wale walio baina ya miaka 60 na 70. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humhesabu mtu kuwa ni mzee anapofika 60, nayo pensheni yetu humngoja hadi 70. Ikiwa bado hatuwezi kuwalipa fedha, basi tuwapime na kuwatibu mapema katika miaka hiyo kumi, kwa kuwa ndiyo miaka ambayo kiharusi na upofu vinaweza kuzuilika.

Wananchi nao wana sehemu yao. Jirani amjulie hali mzee wa mlango wa pili, na kijana aliye mjini au ng'ambo atambue kuwa kutuma fedha kwa simu hakumwondolei wajibu wa dada yake aliyebaki kijijini, ambaye naye anahitaji kupumzishwa. Watendaji wa Serikali, kwa upande wao, wasisubiri Oktoba. Wazee hawa walitubeba migongoni tulipokuwa hatujui kutembea, hawakungoja fungu wala waraka. Zamu ya kuwafuata ni yetu, na ianze katika makisio yajayo.