Moshi wa jenereta upimwe usiku na mchana



Sisi tunaoishi karibu na kituo cha umeme wa dizeli hapa Wajir tumechoka kuambiwa kwamba kinachotukohoza ni vumbi. Vumbi tumezaliwa nalo, tunalijua. Ukilipangusa kwa kitambaa linatoka. Masizi yanayotua kwenye tangi letu la maji ni meusi na yana mafuta, na kanzu iliyoanikwa jioni hufuliwa upya asubuhi.

Wapimaji huja mara mojamoja, tena asubuhi, jenereta chache zikinguruma. Wanachomeka kifaa bombani, wanaandika, wanaondoka. Lakini umeme hutumika zaidi baada ya magharibi, watu wanapowasha taa, feni na majokofu. Ndipo injini nyingi zaidi huwashwa na moshi ukawa mzito, na saa hizo hapana anayepima. Karatasi ya asubuhi inasema kila kitu ni shwari, nasi tunafunga madirisha katika joto hili. Tulipoomba kuiona, tuliambiwa ni ya ofisi.

Ipo mitambo inayokaa kwenye bomba la moshi saa 24, ikipima oksidi za naitrojeni, dioksidi ya salfa, kaboni monoksidi na masizi, na kumtumia mdhibiti takwimu papo hapo. Kwa kuwa inapima moshi kabla haujachanganyika na hewa ya nje, kisingizio cha vumbi hakina pa kusimama. India iliagiza aina 17 za viwanda vinavyochafua zaidi viweke mitambo hiyo mwaka 2014, mwaka uleule Kenya ilipotoa Kanuni za Ubora wa Hewa.

Hatusemi kituo kifungwe. Hospitali na pampu za visima zinahitaji umeme huo. Najua pia mitambo hii ni ghali, na fundi wake huenda akatoka Nairobi. Lakini wenzetu wa Garissa wana kituo cha sola cha megawati 50 tangu 2019, na sisi tungali tunavuta moshi wa dizeli. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 35 haki ya kupata habari. Vyote viwili vinafika Wajir.

NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iamuru mitambo hiyo iwekwe, na takwimu zibandikwe langoni na kwa chifu kila siku, zikiwemo za saa mbili usiku.

Mkazi,
Wajir